Baba Aliuza Ng'ombe Akanunua Bangi

Sehemu ya Saba

Kwa aliyelishika gazeti hili leo mara ya kwanza: naitwa Femke Hoekstra, na kazi yangu ni kuhesabu mimea ya bangi. Usishtuke. Kwetu Ontario bangi ni halali, ina kibali cha serikali, inalipa kodi, na hisa zake zinauzwa Toronto kama hisa za benki.

Baba yangu, Sietse Hoekstra, ni mzee wa kanisa ambaye hajawahi kuonja hata sigara. Aliuza ng'ombe wake sabini na wawili, akauza na kibali cha kuuza maziwa, ambacho kwetu ukishakiuza kukipata tena ni kazi ya kufa mtu. Pesa yote akaitia kwenye hisa za kampuni yetu, Brightfen. Alifanya hivyo kwa sababu mimi, kwa mdomo wangu huu, nilimwambia, "Baba, nunua."

Hisa ilikuwa dola nne. Ikapanda mpaka thelathini na moja! Mzee akanunua trekta jipya, akalipia paa la kanisa, na waumini walipoona paa linang'aa nao wakanunua. Mimi mwenyewe, kwenye karatasi, nilikuwa milionea kwa siku kumi na moja. Halafu bei ikaanza kuteleza, ikaja kusimama kwenye ishirini na mbili.

Wiki jana niliwaacha nimejibanza ndani ya chumba namba kumi na nne cha jumba letu la vioo. Mimea elfu nane iliyomo humo ilikuwa imekufa yote. Mizizi imeoza, mashina yamebaki makavu, na kila shina limevaa lebo yake ya manjano kana kwamba ni zima.

Mtauliza, wewe mhesabuji ulikuwa wapi? Nilikuwa mlangoni. Mashine yangu inasoma lebo kwa mbali, kwa hiyo miezi miwili mizima nilisimama mlangoni, nikabonyeza, nikatia saini kwamba mimea elfu nane ni mizima, nikaenda kunywa kahawa. Uvivu wangu huo, simsingizii mtu.

Basi nikiwa bado nimejibanza, kitasa kikazunguka.

Aliyeingia alikuwa Lorne Teeple, meneja wetu.

"Femke," akasema. "Leo Jumamosi bwana. Nyumbani wamekufukuza?"

"Nilikuwa narudia hesabu."

"Safi sana. Umepata ngapi?"

Nikageuza macho kwenye mashina.

"Sema basi, si wewe ndiye fundi wa hesabu? Mizima mingapi?"

"Lorne, hakuna hata mmoja."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alishika shina moja kwa vidole viwili, likakatika, akacheka kidogo.

"Ugonjwa uliingia tangu Agosti," akasema. "Jumanne tunatangaza mapato, halafu tunang'oa, tunapanda upya, maisha yanaendelea. Shida ni moja tu. Kuna mtu kapiga simu serikalini. Wakaguzi watakuja Jumatatu."

"Sio mimi!"

"Najua sio wewe. Wewe ungejichomaje mwenyewe?" Akatoa simu yake, akanionyesha picha za karatasi zangu moja baada ya nyingine. "Saini ya nani hii? Na hii? Na hii hapa? Wakiuliza nani alihesabu, mimi nitasema nini?"

Zote zilikuwa zangu.

"Halafu mzee wako," akaendelea, sauti tamu kabisa. "Hisa zake bado anazo, sivyo? Unakumbuka sheria. Mfanyakazi akijua siri ya kampuni, haruhusiwi kuuza, wala kumnong'oneza mtu auze. Mzee akiuza hata moja kabla ya Jumanne, watauliza kaambiwa na nani. Mtaingia jela pamoja, wewe na yeye. Baridi ya huko si ya kumpeleka mtu wa miaka sabini na nne."

Akanifungulia mlango kama mtu mstaarabu.

"Msalimie sana mzee," akasema.

Nilikaa ndani ya gari robo saa nzima kabla ya kuwasha injini.

Nikajiuliza bila kujionea huruma: Femke, utamwacha baba yako apoteze jasho la miaka hamsini kwa kuogopa jela? Wewe ndiye uliyemtia humo. Nikapiga moyo konde. Kesho, Jumapili, nitamwambia auze. Soko linafunguliwa Jumatatu saa tatu na nusu asubuhi, wakaguzi hawatakuwa wameanza kazi. Jela kama ni jela, na iwe.

Jumapili ikafika. Sikusikia hata neno moja la mahubiri.

Kwetu sisi Waholanzi, kahawa baada ya ibada ni nusu ya ibada. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Baba. Nyumba ilijaa, wanaume sebuleni, wanawake jikoni, na mimi katikati nikizunguka na sahani ya mikate kama mtu aliyepoteza kitu.

Shangazi Tjitske Bouwma akanivuta kiwiko pale jikoni. Si shangazi wa damu, ila kanisani kwetu kila mama mzee ni shangazi. Aliziweka kwenye hisa pesa zake za mazishi, zote.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "najua leo Jumapili, Mungu anisamehe. Bangi yetu haijambo?"

"Haijambo, Shangazi."

"Mbona umepauka hivyo? Una mimba?"

"Shangazi jamani!"

"Basi kula mkate. Huna nyama mwilini."

Nilimsubiri Baba mpaka akaenda kile chumba kidogo cha nyuma tunachowekea mabuti, ukuta kwa ukuta na jikoni. Kila Jumapili baada ya kahawa huvaa mabuti aende zizini, ingawa zizini hamna kitu tena.

Nikamfuata, nikafunga mlango.

"Baba, nataka tuongee habari za hisa."

"Kesho."

"Baba, haiwezi kungoja kesho."

"Femke, leo siku gani?"

"Jumapili."

"Umejijibu."

Nyie hamumjui baba yangu. Huyu ni mtu ambaye miaka hamsini alikamua ng'ombe asubuhi na jioni Jumapili kwa sababu ng'ombe hajui kalenda, lakini akikuta noti njiani siku hiyo haiokoti. Kazi ya lazima ruhusa. Kutaja bei marufuku.

"Baba, mtamba akizaa vibaya Jumapili, utamwacha afe?"

"Nitamzalisha."

"Basi na hili ni hivyo hivyo!"

"Mtamba yuko wapi?" akauliza. Akatazama dirishani upande wa zizi, na sauti yake ikapungua. "Mimi sina tena mtamba, Femke."

Lo! Neno lile liliniingia mpaka kwenye mifupa. Lakini sikurudi nyuma.

"Baba, nisikilize tu. Dakika moja."

Mzee hakubishana. Aliinua mikono, akatoa vile vimashine vyake vya masikioni, cha kulia, cha kushoto, akaviweka juu ya dirisha. Kisha akainama, akaanza kufunga kamba za buti. Bila vimashine vile hasikii hata radi.

"Baba!"

Hakuinua kichwa.

Ningeweza kumwandikia. Nilishika kalamu kabisa, nikafikiria karatasi ile mikononi mwa polisi, mkono ukagoma. Basi nikapaza sauti.

"Baba, mimea imekufa! Chumba cha kumi na nne chote kimeoza!"

Akafunga kamba fundo la kwanza.

"Kesho wakaguzi wanakuja!" Sasa nilikuwa napiga kelele hasa, machozi yananitoka. "Hisa zitakuwa takataka! Uza kesho asubuhi soko likifunguliwa! Uza zote!"

Akafunga fundo la pili. Akasimama, akaona machozi yangu, akanifuta shavu kwa kidole gumba chake kile kigumu.

"Kesho, mwanangu," akasema kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Njoo tunywe kahawa, nikusikilize mpaka uchoke mwenyewe."

Nikamwonyesha kidole kimoja: saa moja asubuhi. Akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake zizini.

Nikajifariji. Saa moja mpaka saa tatu na nusu ni muda tele.

Niliporudi jikoni, bomba lilikuwa linamwaga maji na hakuna mtu anayeosha kitu. Wanawake sita wamesimama kimya. Shangazi Tjitske anakausha kikombe ambacho tayari kilikuwa kikavu. Nilidhani wananionea aibu kwa kugombana na mzazi. Nikachukua koti langu nikaondoka, mjinga mimi.

Jumatatu saa kumi na moja alfajiri simu ikaita. Lorne.

"Wahesabuji wote saa kumi na mbili kamili. Asiyefika, jina lake ndilo nitakalowapa wakaguzi kwanza."

"Lorne, mimi nina dharura ya nyumbani."

"Femke, mwenye saini nyingi kuliko wote ni nani?"

Akakata.

Nikampigia Baba mara tano. Simu ya mezani iliita mpaka ikachoka. Nilijua kwa nini: vimashine bado viko juu ya dirisha.

Nyumbani kwa Baba ni dakika arobaini upande mmoja, kazini ni dakika kumi upande mwingine. Nilifika njia panda nikasimama. Hapa sitajificha nyuma ya maneno. Nilipinda kwenda kazini, kwa sababu asubuhi ile nilimwogopa Lorne Teeple kuliko nilivyompenda baba yangu. Nilijidanganya kwamba nitatoroka ifikapo saa mbili.

Kutoroka kwenda wapi? Pale simu hufungiwa kabatini getini, nguo unabadilisha, na mlango haufunguki bila kadi. Siku hiyo Lorne alikusanya kadi zetu zote, akaziweka mfukoni mwake.

Alitutia chumba cha tisa, tukaanza kuivisha miche midogo, mmoja baada ya mwingine, lebo za manjano zilizovuliwa yale mashina makavu. Nilikuwa najua tunachofanya. Wenzangu nao walikuwa wanajua. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Saa mbili. Saa tatu na robo. Nikaomba kwenda chooni.

"Nenda," Lorne akasema. "Nitakusindikiza mpaka mlangoni."

"Chooni pia unanisindikiza?"

"Leo, ndiyo."

Niliinama juu ya sinki, nikajaribu kutapika ili wanipeleke zahanati, hata matapishi yakanisaliti. Saa ya ukutani ikafika tatu na nusu. Soko limefunguliwa. Baba yangu ameketi na birika la kahawa, anachungulia barabara kuona kama gari langu linakuja. Nikarudi chumba cha tisa nikahisi nimemzika mtu akiwa hai.

Ilipofika saa tano akaja Yvette Lalonde, mhesabuji mwenzangu, Lorne alikuwa amemtuma akachukue lebo kwa mlinzi.

"Una habari?" akaninong'oneza chini ya barakoa. "Bei inaanguka. Nimeona kwa mlinzi. Ishirini na mbili, ishirini, sasa kumi na nane."

Nikaacha kushika lebo. "Kwa nini? Hakuna kilichotangazwa."

"Kanisa lenu lile la Waholanzi! Mama mkwe wa mlinzi anasali huko. Anasema asubuhi wameamka wote na kuuza kama wamekubaliana. Nyumba kwa nyumba. Wengine nao kuona hivyo wakafuata."

Nilitazama miche yangu bila kuiona. Kanisa letu limeuza. Kanisa letu haliuzi hata kuku bila kumtazama Sietse Hoekstra kwanza. Kwa hiyo Baba ameuza!

Alinisikia. Labda si kila neno, labda alinisoma midomo, lakini alielewa, kisha akawaambia wenzake. Mungu wangu, nililia palepale. Machozi yaliloanisha barakoa mpaka nikashindwa kupumua. Yvette akadhani nalilia pesa.

"Na wewe unazo nyingi?" akauliza.

"Zangu zife tu," nikamwambia. "Zife zote."

Niliamini nitafungwa, na kwa saa nne zile sikujali. Niliweka lebo huku nahesabu kimoyomoyo Baba atanunua ng'ombe wangapi.

Saa tisa magari mawili meupe yakaingia getini. Lorne alipauka kama karatasi, akatutupia kadi zetu na kutuamuru tutoke kwa mlango wa nyuma. Sikungoja kuambiwa mara mbili. Niliendesha kwa mwendo ambao sitauandika hapa.

Baba alikuwa mezani, bakuli la supu ya njegere mbele yake, redio imewashwa, vimashine vyake masikioni. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuiona tangu siku lori la ng'ombe lilipoondoka.

"Umechelewa weee! Kahawa nimeinywa peke yangu birika zima, moyo unanidunda."

"Baba." Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja. "Baba, umeuza."

"Nimeuza nini?"

"Hisa. Si umeuza?"

"Niuze mimi? Nina wazimu?" Akapiga meza kwa kiganja. "Kaa chini nikupe stori. Nimefungua kompyuta saa nne, nakuta bei imeshuka dola mbili. Naangalia tena, dola tatu na nusu. Nikasema, Sietse, bahati hiyo. Sukari ikishushwa bei dukani, mtu mwenye akili ananunua kilo moja?"

Nilishika kiti.

"Nikampigia dalali Toronto. Nikamwambia, ule mkopo tuliozungumza wakati wa kiangazi, ufungue. Akauliza, una uhakika, mzee? Nikamwambia binti yangu anafanya kazi humo ndani, anaihesabu mimea kwa mkono wake. Kama kuna baya, nani angejua kabla yake?"

"Mkopo gani, Baba?"

"Wa shamba."

"Shamba lote?"

"Na nyumba. Unashangaa nini? Ikirudi ishirini na mbili tu, nimerudisha kibali cha maziwa na ng'ombe thelathini. Thelathini, Femke! Maisha yangu ningekuwa nimeyapata tena."

"Na kanisa?" Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. "Kanisa limeuza, Baba. Nani aliwaambia wauze?"

"Ah, hao!" Akapunga kijiko. "Nimempigia Tjitske nimuulize kulikoni, akaanza kulia, akakata simu. Waoga wale. Bei ikitetemeka kidogo wanakimbia."

Hapo ndipo nikakumbuka jikoni. Bomba lililokuwa wazi. Wale wanawake sita, na ukuta wa mbao ambao ukipiga chafya upande huu unajibiwa afya upande ule. Nilivyozidi kumpigia kelele asiyesikia, ndivyo wasiohusika walivyozidi kusikia. Nilikuwa nimeliokoa kanisa zima isipokuwa baba yangu.

Nikafungua mdomo nimwambie. Nawaapia, neno la kwanza lilishafika kwenye ulimi.

Redio ikanitangulia. Mtangazaji alisema biashara ya hisa za Brightfen imesimamishwa mchana huu, hakuna kununua wala kuuza. Wakaguzi wamekuta chumba kizima cha mimea iliyokufa, takriban elfu nane, iliyokuwa ikiandikwa kuwa mizima.

Baba aliweka kijiko chini polepole. Alisikiliza mpaka mwisho, hata habari za hali ya hewa akazisikiliza. Kisha akaniangalia.

"Wewe ndiye unayehesabu," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Ulijua?"

Mikono yake ilikuwa mezani, imefumbwa, na ilikuwa inatetemeka. Sijawahi kuiona mikono ile ikitetemeka, hata siku tunamzika Mama.

"Sikujua, Baba," nikasema.

Ndivyo nilivyomdanganya baba yangu, machoni pake, juu ya supu yake. Wasomaji wangu, mnihukumu mnavyotaka.

Jumatano asubuhi walikuja watu wawili kutoka kwa wasimamizi wa soko la hisa. Msemaji alikuwa mwanamke mfupi, mpole, jina lake Bi Marchildon. Alisema atatukuta kwa Baba kwa sababu ana maswali kwetu sote wawili. Mwenzake akafungua kompyuta mezani, tayari kuandika.

Sikuwa nimelala siku mbili. Kila gari lililopita barabarani nilichungulia dirishani.

"Jumatatu asubuhi," Bi Marchildon akaanza, "kabla ya saa nne, watu kumi na tisa wa kanisa moja waliuza hisa zao zote. Hawajawahi kuuza hata moja kabla ya hapo. Baadhi yao tumewauliza, wanakataa kusema, wanamlinda mtu. Bwana Hoekstra, wewe peke yako ulinunua. Kwa nini?"

"Bei ilikuwa nzuri," Baba akajibu.

Bi Marchildon akamtazama kwa huruma, na huruma ile ilinitisha kuliko pingu.

"Nitawaeleza mambo yalivyo, maana mna haki ya kujua. Kama wale watu walijiuzia tu kwa hofu zao, basi hasara yako ni hasara ya biashara. Benki itachukua shamba. Lakini kama kuna mtu wa ndani aliyewavujishia siri, mambo yanabadilika. Ina maana walikuuzia wewe wakijua ni takataka. Hapo sheria inaweza kukulipa. Huenda ukarudishiwa shamba lako, bwana."

Neno moja tu kutoka kwangu, na shamba litarudi. Neno hilohilo litanipeleka jela, litawakokota watu kumi na tisa mahakamani, Shangazi Tjitske na pesa zake za mazishi akiwa wa kwanza. Na Baba atajua kwamba Jumatatu, juu ya ile supu, nilimwangalia machoni nikamdanganya.

"Bi Hoekstra," akanigeukia. "Ulikuwepo hapa Jumapili?"

"Nilikuwepo."

"Ulijua kuhusu chumba cha kumi na nne?"

Kabla sijavuta pumzi, kiti cha Baba kikasukumwa nyuma. Alisimama wima, kama anavyosimama kanisani kusoma tangazo.

"Mama, sikiliza," akasema. "Hiyo pesa ya sheria siitaki kama inapitia kwa mwanangu. Unauliza kama alijua? Watu kumi na tisa waliuza, mimi nikanunua. Huo si ushahidi tosha? Huyu ni mtoto wangu wa pekee. Kama angejua lolote, angeniambia mimi kwanza."

Mwenzake aliyekuwa akiandika akasimamisha vidole.

Baba akaja nyuma ya kiti changu. Akaweka mkono wake begani pangu, ule mkono mzito, akanibana kidogo kunipa moyo.

"Mwambie, mwanangu," akasema. "Mwambie hukujua."